Baraza ya Nyumbani: Kanzu Iliyoletwa Baada ya Idi

Mwezi huu twapenda kuzungumza jambo ambalo baadhi ya wazee wataliona ni la kitoto, nalo si la kitoto hata kidogo. Ni khabari ya gemu za kompyuta, na hasa zile gemu kubwa za visa virefu ambazo hutolewa kwanza kwa wenye mashine za PlayStation na mfano wake, kisha wenye kompyuta wakaambiwa wangoje mwaka, au mwaka na nusu, au hata miaka mitatu. Vijana wetu wa Raskazone, wa Chumbageni na wa Ngamiani wanalijua jambo hili zamani na hulijadili jioni kwa jioni. Wazazi hulijua siku ile kijana anapokuja kuomba anunuliwe mashine ya shilingi milioni na zaidi, hali kompyuta imo ndani ya nyumba.

Basi yatupasa tulitazame kwa kituo. Kuchelewesha huku kwamfaidia nini muuzaji, na kwamdhuru nini? Na sisi tulio mwisho wa foleni, twapata nini na twapoteza nini? Kwani hii ni biashara kama biashara nyingine, na fedha zinazoingia humo hutoka katika nyumba zetu.

Kwanza tueleze maana, ili mzazi asiyezijua gemu hizi asiachwe nyuma. Humo mchezaji hashindani mbio wala hapigi mpira. Huvaa nafsi ya mtu aliyemo katika kisa, akasafiri nchi kwa nchi, akapata marafiki na maadui, akapanda daraja na kuongezeka nguvu kidogo kidogo, hata kisa kikafika mwisho wake. Yamkini ikamchukua saa 50, au 80, au zaidi ya 100. Ni kama ngano ndefu ya bibi, ila msikilizaji ndiye atembeaye ndani yake. Kutengeneza gemu moja ya namna hii huwachukua mafundi mamia kwa mamia miaka minne, mitano au zaidi, na gharama yake huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Na zile kubwa kabisa hupita dola milioni 100.

Sasa, gemu iliyoandikwa kwa ajili ya PlayStation haiingii katika kompyuta kama kaseti itolewavyo katika redio hii na kutiwa katika redio ile. Yapasa ifumuliwe na kushonwa upya. PlayStation za namna moja zote zina vifaa sawasawa, lakini kompyuta za watu hazilingani: hii ina nguvu, hii ni dhaifu, hii mpya, hii kuukuu. Kazi hiyo ya kushona upya ndiyo izaayo lile liitwalo toleo la kompyuta.

Sababu za kulichelewesha toleo hilo ni tatu. Ya kwanza ni mapatano. Mwenye mashine hutaka watu waje kwake, kwa hiyo hupatana na mtengenezaji kwamba gemu fulani isionekane penginepo kwa muda fulani, naye kwa upande wake humsaidia kwa mali, au kwa matangazo, au kwa mafundi. Ya pili ni uchache wa mikono: mafundi hawawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, basi humaliza moja ndipo wakaanza la pili. Ya tatu ni hesabu ya kuuza mara mbili, kwa kutumaini kwamba aliyekosa subira atanunua kwa mashine leo, na huenda akanunua tena kwa kompyuta kesho.

Hesabu hiyo ina mantiki yake, nasi hatuibezi. Lakini mtu wa Tanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta upungufu wake. Kwa miaka mingi bandari yetu ilikuwa na maji machache karibu na gati, kiasi cha mita 3. Meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikateremshwa katika matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, na pale shehena ikapakuliwa mara ya pili. Kila mzigo ulishikwa mara mbili na kulipiwa mara mbili, na wenye mali wengi wakaona heri Mombasa au Dar es Salaam. Baina ya mwaka 2019 na 2023 zilitumika zaidi ya shilingi bilioni 400 kuchimba mlango na kutengeneza gati. Kina kikafika mita 13, na meli zikaanza kufunga gatini zenyewe. Gemu inayotolewa mara mbili ni shehena ya matishari. Hutangazwa mara mbili, husifiwa mara mbili, hugharimiwa mara mbili. Na mara ya pili wale wasikilizaji wa mara ya kwanza wamekwisha kutawanyika.

Tuje katika madhara yenyewe. Tufikiri fundi wa nguo aliyepewa kitambaa mwanzo wa Ramadhani, naye akaileta kanzu Idi Pili jioni. Kitambaa ni kile kile, mishono ni ile ile, na pengine tarizi yake ni nzuri kupita zote zilizovaliwa msikitini. Lakini mwenyewe hamlipi kwa moyo ule, na akipata mwanya wa kupunguza bei atapunguza. Kwa nini? Kwa sababu hakununua kitambaa peke yake. Alinunua na ile asubuhi ya Idi ya kuonekana ndani yake pamoja na wenziwe.

Gemu nayo ina Idi yake. Ni zile wiki mbili tatu za mwanzo ambapo kila mwenye ulimi anaizungumza, magazeti yanaisifu au kuitia ila, na marafiki wanaulizana nani amefika wapi. Anayekuja baada ya hapo hukutana na mambo matatu. Kwanza, kisa kimekwisha kusimuliwa. Gemu ya mpira haiharibiki kwa kuchelewa, kwani kila mchezo una matokeo mapya. Lakini gemu ya kisa ina siri moja tu, na siri hiyo ikishatembea mitaani na kuonyeshwa katika YouTube mwanzo hata mwisho, haifichiki tena. Pili, hamu imehamia penginepo, kwani kila mwezi una gemu zake. Tatu, bei yapaswa kushuka, kwani hakuna apendaye kutoa bei ya Idi kwa kanzu ya Idi Pili.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Japani iitwayo Square Enix, yenye gemu mashuhuri za Final Fantasy. Final Fantasy XVI ilitoka tarehe 22 Juni 2023 kwa wenye PlayStation 5 peke yao, kwa mapatano yaliyokwisha tarehe 31 Desemba mwaka huo. Katika wiki ya kwanza nakala zilizotoka zilifika milioni 3. Mkubwa wa kazi hiyo, Naoki Yoshida, alikwisha kuwaeleza watu mapema kwamba kumalizika kwa miezi 6 si kupatikana kwa toleo la kompyuta siku ya pili yake, kwani kazi ya kulitengeneza ingechukua muda wake. Akasema kweli: lilifika tarehe 17 Septemba 2024, karibu miezi 15 baadaye. Na bei? Ile iliyouzwa dola 70 kwa wenye PlayStation ikaanza kwa dola 50 kwa wenye kompyuta.

Nduguye, Final Fantasy VII Rebirth, alitoka tarehe 29 Februari 2024 kwa PlayStation 5, akafika kwenye kompyuta tarehe 23 Januari 2025. Gemu hiyo ilisifiwa mno na watu wa fani. Hata hivyo, katika mwaka huo wa 2024 kampuni yenyewe ilikiri kwamba faida iliyopatikana katika gemu hizi mbili haikufikia matarajio yake. Mwezi Mei 2024 ikatangaza mpango wa miaka mitatu, na katika nguzo zake mojawapo ni kuacha kufungamana na mashine moja, na kuuza kwa mashine zote pamoja na kompyuta. Mfanyabiashara habadili njia aliyoizoea miaka mingi ila njia hiyo imemchosha mfuko.

Uadilifu watutaka tuseme pia kwamba kuchelewa kwa kompyuta si sababu peke yake. Final Fantasy VII Remake ilipotoka Aprili 2020, PlayStation 4 zilizokwisha kuuzwa duniani zilikuwa zaidi ya milioni 100, nayo ikauza nakala milioni 3.5 kwa siku tatu. Final Fantasy XVI ilipotoka, PlayStation 5 zilikuwa kiasi cha milioni 40 tu. Soko lilikuwa dogo kabla mtu hajachelewa. Lakini hapo ndipo makosa ya hesabu yanapodhihiri: duka likiwa na mlango mwembamba, si busara kuufunga mlango wa pili ulio mpana.

Tazama waliofungua milango yote siku moja. Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022 kwa PlayStation, kwa Xbox na kwa kompyuta pamoja, nayo ikapita nakala milioni 12 kabla ya mwezi kutimia. Kampuni ya Atlus, iliyo chini ya Sega, ilikuwa na desturi ya kuwangojesha wenye kompyuta muda mrefu, kisha ikageuka. Metaphor: ReFantazio ilipotolewa kila mahali tarehe 11 Oktoba 2024, nakala milioni 1 zilikwisha siku ile ile, na hali ilikuwa ni jina jipya lisilo na mzee wa kulitangulia. Hatusemi kwamba siku moja ndiyo iliyozifanya gemu hizi kuwa nzuri. Twasema kwamba uzuri wao ulikuta watu wote wamekusanyika.

Huenda msomaji akatukatiza hapa, akasema: “Mbona wazee walisema kawia ufike? Na mbona haraka haraka haina baraka?” Suala lake ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Wazee walisema kawia ufike. Na wazee hao hao wakasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hawakujipinga. Kukawia ni kwa mtu aliye njiani, ambaye kila saa ipitayo ana kazi mkononi, na anayemngoja anajua atafika lini. Kuchelewa chelewa ni kwa mtu aliyekaa, hasemi atakuja lini, na pengine amekaa makusudi ili mngojaji achoke atoe zaidi. Soko lawajua wote wawili, na huwalipa mbalimbali.

Mfano wa anayekawia ni Monster Hunter: World ya kampuni ya Capcom. Ilitoka kwa mashine tarehe 26 Januari 2018, na wenye kompyuta wakaambiwa kabla ya hapo kwamba wao watarajie kiasi cha miezi ya Septemba na baadaye. Ikafika tarehe 9 Agosti, kabla ya miadi. Mwezi huo huo wa Agosti kampuni ikatangaza kwamba jumla imefika nakala milioni 10, na gemu hiyo ikawa kubwa kuliko zote ilizopata kuuza. Baldur's Gate 3 ya mafundi wa Larian, wa mji wa Ghent katika Ubelgiji, ilikwenda kinyume: wenye kompyuta ndio waliotangulia, tarehe 3 Agosti 2023, na wenye PlayStation wakafuata tarehe 6 Septemba. Sababu ilielezwa, tarehe ikatajwa, na tarehe ikatimizwa. Basi hakuna aliyenuna, na mwisho wa mwaka gemu hiyo ikatunukiwa kuwa gemu bora ya mwaka.

Hata aliyechelewa miaka mingi huweza kusamehewa, kwa sharti moja. Persona 4 Golden ilikuwa gemu ya mashine ndogo ya mkononi tangu mwaka 2012. Kwenye kompyuta ilifika tarehe 13 Juni 2020, miaka minane baadaye, na kufikia mwaka uliofuata ilikwisha kupata wanunuzi milioni 1 wa kompyuta. Kwa nini haikukataliwa? Kwa sababu haikujifanya mpya. Bei yake ilikuwa dola 20. Kanzu ya Idi iliyopita huuzika vizuri kabisa, ikiwa muuzaji hakudai bei ya Idi ijayo.

Na aliyefika siku moja na wenziwe lakini mishono haijakaza, je? Capcom hao hao walitoa Monster Hunter Wilds tarehe 28 Februari 2025, mashine na kompyuta kwa pamoja. Zikauzwa nakala milioni 8 kwa siku tatu, na kufikia mwezi mmoja zilikwisha pita milioni 10. Lakini wenye kompyuta walilalamika sana kwamba gemu inakwama na kusitasita hata katika kompyuta zenye nguvu, na lawama zao ziliandikwa pale pale dukani ambapo kila mnunuzi mpya huzisoma. Katika miezi mitatu iliyofuata, Aprili hadi Juni, nakala zilizouzwa hazikufika hata 500,000. Kampuni ilitaja na sababu nyingine, kama ughali wa PlayStation 5 yenyewe. Lakini hakika ni kwamba watu waliokusanyika siku ya Idi wakakuta kanzu inafumuka, khabari huenea upesi kuliko kama wangaliikosa.

Basi kanuni yetu ni hii. Si kuchelewa kunakoua mauzo, bali kuchelewa kusikokuwa na kazi, kusikokuwa na tarehe, na kusikopunguza bei. Mwenye kuchelewa kwa kazi, akasema siku yake, na akaja na bei iliyo haki kwa saa aliyofika, huyo hukuta wateja wake wamemngoja. Mwenye kukosa moja katika haya hupungukiwa. Na mwenye kukosa yote matatu asilaumu soko.

Sasa tugeukie pwani yetu, kwani sisi tuna ngoja yetu ya pili ambayo mtu wa Tokyo au London haijui. Kampuni ya Sony, yenye PlayStation, ilianza mwaka 2020 kuleta gemu zake kubwa kwenye kompyuta. Horizon Zero Dawn ilitoka kwa PlayStation 4 tarehe 28 Februari 2017, ikafika kwenye kompyuta tarehe 7 Agosti 2020. Kijana wa Tanga aliyengoja miaka mitatu na nusu alisema alhamdulillahi, zamu yangu imefika. Lakini mwaka 2024 Sony ikaleta sharti kwamba mwenye kuchezea kwenye kompyuta baadhi ya gemu zake ajiandikishe kwanza katika huduma yake ya PlayStation Network. Na huduma hiyo haikuwa katika kila nchi. Katika Afrika nzima ilikuwamo Afrika Kusini. Tanzania haikuwamo, wala Kenya, wala Uganda.

Mwezi Mei 2024 sharti hilo lilipotangazwa kwa gemu ya Helldivers 2, iliondolewa dukani katika nchi na maeneo 177. Kelele zikawa kubwa, na kwa siku chache tu Sony ikalirudisha nyuma sharti lile kwa gemu hiyo. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo Horizon Zero Dawn ilipotolewa upya katika sura iliyonakshiwa, mlango ukafungwa vile vile kwa nchi zisizo na huduma. Yaani mtu alikuwa na kompyuta, na ana fedha, na ana hamu, na duka likamwambia: hatukuuzii.

Jambo hili lina ajabu yake kwa watu wa pwani. Oman imo katika orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Wengi wetu tuna jamaa Maskati na Sur, na tangu enzi za majahazi kaskazi ilileta mali ya huko huku na kusi ikarudisha ya huku huko. Basi watoto wa mjomba na shangazi, wanaozungumza Kiswahili kimoja katika simu moja, mmoja yuko Maskati akauziwa, na mmoja yuko Raskazone akanyimwa, kwa gemu ile ile na bei ile ile ya dola. Jahazi lilipokosa upepo lilikuwa na udhuru, kwani upepo ni wa Mola. Duka la intaneti halina kaskazi wala kusi.

Mwezi Januari 2025 Sony ililegeza, ikatangaza kwamba kujiandikisha kutakuwa hiari katika gemu kadhaa, na Horizon ile ni mojawapo. Lakini hesabu ya hasara haifutiki. Mlango ukifungwa watu hawaketi kizingitini wakangoja. Mmoja husahau. Wa pili hutazama kisa chote katika YouTube bila ya kutoa senti. Wa tatu huchukua nakala ya wizi, na akishaizoea njia hiyo ni vigumu kumrudisha dukani. Muuzaji huwahesabu hawa watatu kuwa soko dogo la Afrika, asijue kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya dogo.

Yabaki tuseme na wenyewe wa nyumba, wazee na vijana.

Kwa baba na mama: kijana akija na khabari kwamba gemu fulani imo katika PlayStation peke yake, usimkaripie wala usikimbilie dukani. Muulize: je, toleo la kompyuta limetangazwa, na tarehe yake imetajwa? Kisha fanyeni hesabu pamoja kwa karatasi. Mwaka 2023 aliyetaka Final Fantasy XVI bila ya kuwa na mashine alihitaji PlayStation 5, ambayo huko ng'ambo bei yake ilikuwa dola 500, na gemu ya dola 70 juu yake. Aliyengoja miezi 15, na kompyuta ya kufaa anayo, alitoa dola 50. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, nayo ni ada ya shule, au bati za nyumba.

Lakini tumesema kompyuta ya kufaa, na neno hili lisipite bure. Kompyuta ya kuandikia barua na kufanyia hesabu za duka haitaziweza gemu hizi. Kila gemu huandikiwa mahitaji yake pale inapouzwa, na yapasa yasomwe kabla ya fedha kutoka. Baldur's Gate 3 yataka nafasi ya gigabaiti 150 katika kompyuta. Final Fantasy VII Rebirth yataka 155. Kuiteremsha mizigo hiyo kwa bando la simu kwaweza kukaribia bei ya gemu yenyewe. Anayejua mahitaji hayo mapema hajuti. Na anayeyajua baada ya kulipa hulaumiana na mwanawe bure.

Kwa kijana: usione haya kuwa wa mwisho. Wa mwisho hupata gemu iliyokwisha rekebishwa makosa yake, kwa bei iliyoshuka. Jilinde tu na wasimulizi, uwaambie wenzako wakustahi wasikupe mwisho wa kisa, nao ni ustaarabu mwema wa barazani kuuliza “umekwisha maliza?” kabla ya kusimulia. Ama nakala ya wizi, jiepushe nayo hata kama umekasirishwa kwa haki. Fundi aliyetoka jasho miaka mitano ana haki yake juu ya kazi yake, na haki hiyo haitoweki kwa kuwa yeye yuko Japani nasi tuko Tanga. Na juu ya hayo, nakala hizo mara nyingi huingia na virusi viharibuvyo kompyuta ambayo dada yako anaisomea. Aliyefungiwa mlango ana silaha njema zaidi, nayo ni kulalamika kwa adabu na kwa wingi. Mei 2024 ilionyesha kwamba hata kampuni kubwa husikia.

Na kwa kijana ambaye siku moja atauza chake, iwe ni gemu aliyoiandika mwenyewe, au nguo, au samaki wa Deep Sea: hapa pana ilimu bila ya ada. Usimwambie mteja “karibuni” kama hujui siku. Ukijua siku, itaje, ukiitaja, itimize, ukishindwa, sema mapema na sema kwa nini. Ukiwa na milango miwili, usifunge mmoja ili kumpendeza mwenye mwingine, ila umepima ya kwamba analokupa lazidi wateja utakaowapoteza. Na ukifika baada ya Idi, fika na bei ya baada ya Idi, na uso mkunjufu.

Mteja aliyengojeshwa hasahau. Ama atamwambia jirani, “Nilimngoja na hakunivunja,” ama atamwambia, “Usimngoje.” Maneno hayo mawili ndiyo yaamuayo mauzo ya safari ya pili, nayo hayaandikwi na mtangazaji yeyote.